Picha Zilizokatika Kiunoni

Mjomba ndiye aliyembandika jina la Bisibisi, siku alipoingia karakana akiwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama kijiti na hatulii mahali pamoja. Miaka kumi ikapita, jina likamganda, hata wateja hawakujua kama ana lingine. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili: ya mjomba dirishani, ya Bisibisi karibu na mlango, na katikati kompyuta kuukuu zimepangwa hadi karibu na dari.

Siku moja akaja mama mmoja, msimamizi wa jumba la michezo ya watoto, akiwa na kompyuta ya zamani mikononi.

"Nataka watoto wacheze zile gemu tulizocheza sisi, za kutumbukiza sarafu kwenye mashine," alisema. "Ninazo kumi na mbili kama hii. Ukiiwezesha hii moja bila picha kuharibika, binti, nakuchukua uwe fundi wangu wa kudumu. Nitarudi baada ya wiki tatu, Ijumaa, saa kumi."

Bisibisi nusura aruke. Aliweka emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu, kisha akachomeka kadi ya picha aliyoifufua mwenyewe. Kadi hiyo ilikuwa imetupwa kwa sababu ya kapasita moja, kikopo kidogo cha kutunza umeme, iliyovimba. Aliing'oa, akalehemu nyingine ya bluu katikati ya zile nyeusi. Jioni hiyo vyombo vya angani vikaruka kiooni bila kutetereka. Mjomba akapiga makofi. "Mpwa wangu, hapo umenipita!"

Jumamosi aliweka toleo jipya la emuleta. Jumatatu alipoiwasha, akapigwa na butwaa. Anga lilikuwa kijani, wapiganaji wamekatika kiunoni, miguu huku na vichwa kule, na kila kitu kikitambaa kama kinaumwa.

"Umebadilisha kitu wewe," mjomba alisema. "Kumbuka vizuri."

Kweli alikuwa amebadilisha. Akarudisha toleo la zamani. Wapiganaji wakaunganika nusu, gemu ikazidi kujivuta. Akafuta madereva, zile programu zinazoiendesha kadi, akayaweka upya. Jina la kadi lililotokea kiooni lilikuwa lile lile, kwa hiyo hakulishuku. Alipotaka kufungua kifuniko aangalie kama kadi inachemka, mjomba akamzuia. "Nimeshafungua asubuhi, nimepuliza vumbi lote. Usijichoshe." Akamwekea kikombe cha chai mezani. Wiki mbili zikaenda hivyo. Siku moja Bisibisi alilia waziwazi, na mjomba akamshika bega: "Si kila fundi ana mkono wa picha, mwanangu. Mwambie tu yule mama imeshindikana."

Jumatano ya wiki ya mwisho mjomba alitoka kwenda kwa mteja. Bisibisi akaona liwalo na liwe, akafungua kifuniko. Akazitazama kapasita moja moja. Nyeusi. Akazirudia. Zote nyeusi. Ilikuwa kadi nyingine, ndugu wa tumbo moja na yake, jina moja, ila kumbukumbu nusu.

Aliinua macho. Kompyuta ya mjomba ilikuwa imeachwa ikiwaka kwenye mchezo wa karata, na karata zilikuwa zinang'aa, kitu ambacho hazijawahi kufanya. Akaizima, akafungua kifuniko chake. Kapasita ya bluu ilikuwa humo.

Mjomba aliporudi alimkuta amekaa kwenye kiti cha dirishani.

"Kadi yangu imefikaje huku?"

"Kadi gani?" Akajitia hamnazo. "Aa, hiyo. Nilidhani ni ya akiba."

"Ukaitoa kwenye mashine ninayoifanyia kazi, ukachomeka nyingine ya jina lile lile, ukanikataza nisifungue kifuniko. Ulidhani ni ya akiba?"

Mjomba alitua mkoba wake taratibu. "Ungeondoka," alisema. "Macho yangu yamekwisha, Bisibisi. Siku hizi nalehemu kwa kubahatisha. Ukienda, mimi nabaki na nani?"

"Ungeniambia."

"Ungebaki?"

Swali hilo likamwongezea uchungu. "Sijui. Lakini ningekuwa nimeulizwa. Mjomba, wewe uliniona nalia. Ulinipikia chai huku unajua!"

Mjomba akainamisha kichwa. Samahani haikumtoka.

Bisibisi hakuichukua kadi yake. Alijua zile kompyuta nyingine za jumbani zitakuwa na kadi dhaifu vilevile, na fundi wa kweli angelazimika kuziwezesha zilivyo. Sasa alijua anapambana na nini. Akazima mapambo yote ya picha, akaiamuru emuleta isiitegemee kadi, ichore picha kwa nguvu za kompyuta yenyewe, akapunguza rangi na ukubwa wa picha. Alhamisi mchana wapiganaji wakasimama wazima, kichwa hadi mguu. Hakumwita mtu aje kuona.

Ijumaa saa kumi yule mama aliketi, akacheza, akauawa mara tatu mfululizo, akacheka hadi akatoa machozi. "Jumatatu uanze," alisema.

"Nilimfundisha vizuri, sivyo?" mjomba akadakia, uso mkavu.

Bisibisi angeweza kumwaga yote pale pale. Akakusanya vifaa vyake, na mjomba aliponyoosha mkono ambebee sanduku, akalihamishia upande wa pili.

Miezi minne sasa hajakanyaga karakana. Mke wa mjomba hupiga simu Jumapili, huuliza habari za kazi, kisha husema, "Mjomba wako anakusalimu." Bisibisi hujibu, "Nimepokea," basi. Juzi yule mama alimtazama akilehemu waya mwembamba kama unywele, akamuuliza nani alimfundisha kuwa na mkono mtulivu hivyo.

"Mjomba wangu," alisema, kwa sababu ndiyo kweli, kisha akaomba dakika tano, akatoka nje.