Peteroli Katika Kisima cha Maombi

"Mama Marcellin, Mungu iko na pua?"

Spès, jirani wa ukuta mmoja, alimuuliza Geneviève hivyo wakianika nguo, upepo ukileta uvundo wa choo cha kanisa, na Geneviève akamkemea kwa jina la Yesu. Lakini wiki mbili hazikupita, swali lile lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki sangala.

Kisima kilikuwa uani mwa nyumba ya maombi, mtaani Kinama. Mabomba ya mtaa yalikauka tangu vita vianze, na huu ulikuwa mwaka wa nne, basi kila mtu alikishukuru. Kisha nyumba za ng'ambo ya barabara zikachomwa. Familia tisa zikaja kulala kwenye mabenchi ya kanisa, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutoka nje risasi zikianza, shemasi Cirimwami akaamuru choo kichimbwe mlemle uani. Geneviève, mjane aliyekabidhiwa ufunguo na ufagio wa kanisa, alihesabu hatua kutoka choo hadi kisima. Kumi na moja. Na choo ndicho kilichokuwa upande wa juu wa mteremko.

Mvua za Machi zikashuka, shimo likajaa hadi karibu na mdomo. Funza wakapanda ukutani, weupe, wanene, wakimwangukia miguuni aliyechuchumaa. Nzi wa kijani walitoka huko wakaja kutua kwenye kikombe cha maombi. Kamba ya kisima ikawa na utelezi kama kamasi. Geneviève aliishika kwa ncha za vidole, akapangusa mkono kwenye kitenge, kisha akakichukia kitenge chenyewe.

Watoto wakaanza kuharisha. Watatu walizikwa kabla ya Pasaka, mmoja wao wa Spès. Wote walikuwa wamenyweshwa maji ya kisima, shemasi akiyaombea na akikataza yasichemshwe. "Kuchemsha ni kumwambia Mungu kwamba moto unamshinda," alisema. Na aliyepeleka kikombe kile mdomoni mwa mtoto wa Spès ni Geneviève mwenyewe, kwa mkono huu huu, akisema amina.

Sylvère, muuguzi wa dispensari, alileta chupa ndogo yenye kikaratasi cha kupimia maji ndani. Akaijaza maji ya kisima. "Muiache pahali pa joto siku mbili, mama. Ikigeuka nyeusi, munakunywa mavi."

Siku ya pili chupa ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Geneviève aliifungua kidogo. Harufu ya yai viza ikampiga. Akampelekea shemasi.

"Hiyo ni dawa yao, mama," shemasi akacheka. "Wanatia weusi mu karatasi, halafu wanasema weusi ni yetu. We umebatizwa miaka ngapi, na bado unaogopa chupa?"

Geneviève hakubishana. Alirudi nyumbani akafikiri. Ikiwa karatasi ya Sylvère haiaminiki, basi kila mtu Kinama anaijua harufu ya peteroli ya taa. Alhamisi akachukua chupa nzima ya peteroli, akaimwaga chooni. Walioona hawakuuliza, peteroli huua funza. Kisha akangoja, akinusa ndoo ya kisima kila asubuhi. Ijumaa, hakuna. Jumamosi, hajui, labda. Jumapili aliinama mara moja tu: peteroli.

Jumapili hiyohiyo Chanelle, mkwe wake, alimleta mtoto wake Ingrid mbele ya kanisa. Mtoto ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Shemasi alichota, akainua kikombe, akafumba macho, akaomba kwa sauti kubwa. Alipokuwa anakishusha kwenye mdomo wa Ingrid, mkono wa Geneviève ulikuwa tayari juu ya kikombe.

"Mama mukwe!" Chanelle akashtuka. "Muache mutoto apone!"

"Mzee shemasi," Geneviève akasema polepole, "unuse kwanza."

"Ni ya nini?"

"Unuse tu, mzee wangu."

Shemasi akanusa. Uso ukamkunjamana. "Nani ametia peteroli mu kisima cha Bwana?"

"Mu kisima, apana. Mi niliimwaga mu choo. Alhamisi."

Mtu mmoja kwenye benchi la mbele akaweka mkono mdomoni, akatoka mbio, na wote wakamsikia akitapika ukutani. Mwanamke mwingine akatema mate ndani ya kitenge chake, tena na tena, kama anayetaka kutema maji ya mwezi mzima.

Nyuma kabisa Spès akasema, bila kucheka, "Kumbe hata shemasi iko na pua."

Chanelle alikuwa ameshamrudisha mtoto kifuani na kugeuka upande. Geneviève akakichukua kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyozoea kumpa kila siku, akakinyoosha mbele ya shemasi.

"Umeshaiombea. Unywe wa kwanza, mzee. Ingrid atafuata."

Maji yalikuwa meupe, maangavu. Juu yake ulielea utando mwembamba wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua, na nzi mmoja wa kijani alizunguka ukingoni akitafuta mahali pa kutua. Cirimwami aliyatazama. Kisha akachukua Biblia yake mezani, akapita katikati ya mabenchi, akatoka bila kunywa.