Mji Unaokwama Mstari wa Arobaini

Saa nane mchana nalaza kichwa juu ya kibodi, dakika mbili tu, najiambia, nipumzishe macho. Tangu asubuhi kompyuta ya chumba cha picha za eksirei haijawaka ikafika mwisho. Inaanza vizuri, mistari myeupe inapanda kwenye kioo, inafika wa arobaini, inakwama, inajizima, inaanza upya. Moduli ya diski imekataa kuingia, ndivyo mstari unavyosema, na moduli ni kijiprogramu tu kinachoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa. Ikikosekana, diski ipo lakini mfumo hauioni, na bila diski hakuna picha. Nje kwenye benchi Mzee Rwegoshora anasubiri picha ya kifua, na daktari wa upasuaji, anayefika kituoni kwetu mara moja kwa mwezi, anaondoka saa kumi. Bila picha hampasui, na mzee jinsi anavyohema, mwezi ujao simwoni akiufikia. Asubuhi, mbele ya wagonjwa, mimi fundi wa kompyuta nimemfokea Kokushubira, mpiga picha wetu, kwamba ameizima mashine ovyo. Hilo nalo nalifikiria ninapofumba macho.

Nimefumba, na mistari myeupe bado inapanda, kisha inalala chini na kuwa barabara, nami naikanyaga. Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pembeni mwa kila moja pamechorwa neno sawa, sawa, sawa, na mimi nahesabu maana sina kingine cha kushika. Kwenye ya arobaini kuna geti. Getini amesimama mlinzi asiye na uso, pale penye uso pana ngozi tupu laini kama kiganja. Umri wake siwezi kuujua, basi najihami, shikamoo. Marahaba, anaitikia, kwa sauti ya mtu mdogo kwangu kabisa, nami naona haya. Namwambia natafuta moduli ya diski, kuna mgonjwa anasubiri. Ananijibu kwamba ninayemtafuta amekwisha kufika na bado hajaingia. Sasa hilo ni jibu gani? Nataka kumuuliza, taa za mji zinazimika zote kwa pamoja, na mimi niko tena barabara ya kwanza. Sawa, sawa, sawa. Safari hii mji ni uleule lakini umegeuzwa, duka lililokuwa kushoto liko kulia, na milango yote imepanda juu upana wa kidole kimoja. Nafurahi, nadhani nimeelewa: mwezi uliopita nilipandisha mfumo toleo jipya bila kuuzima, bila shaka moduli ina kibali cha mji wa zamani. Naikuta imesimama kwenye foleni, haina uso kama wenzake, imeshika bega la aliye mbele yake, maana hapa haingii mtu kabla ya yule anayemtegemea. Naomba kibali chake nikisome. Ni cha mji huu huu mpya. Naangalia aliye mbele yake, naye yuko mahali pake. Basi tatizo ni nini? Foleni nzima inanigeukia kwa nyuso zisizokuwepo na kuniambia, uliza aliyekataza, usiulize aliyekatazwa. Nawaambia wanapoteza muda wangu. Taa zinazimika. Barabara ya kwanza. Nataka kulia, na sijui hata kama huku saa zinakwenda au Mzee Rwegoshora amekwisha kurudishwa nyumbani.

Mara ya tatu, au ya thelathini, nafika getini nimechoka, na kando ya mlinzi ameketi Kokushubira na aproni yake nzito ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, yeye peke yake ana uso katika mji mzima. Kaka Ishengoma, ananiambia taratibu, mlinzi ana orodha, umeiomba? Sijaiomba. Naiomba. Ni karatasi yenye jina moja tu, jina la moduli ya diski, na mbele yake maneno, azuiwe, kwa muda tu. Mwandiko ni wangu. Ndipo nakumbuka: miezi saba iliyopita mashine ilikuwa ikiganda ganda, nikaishuku moduli hii, nikaizuia nipime, kisha nikaiingiza kwa mkono mashine ikiwa imekwisha kuwaka kwa flashi ya dharura. Ikatulia. Nikabandika plasta ya hospitali juu ya swichi, nikaandika USIGUSE, na kituo kizima kikashika hiyo kama sheria, hakuna aliyeizima hadi jana jioni umeme ulipokatika na betri ya akiba ikafa. Jina nikalisahau kwenye orodha. Namgeukia Kokushubira, aibu inanichoma. Samahani, dada, namwambia, mkosaji ni mimi. Anafungua kinywa anijibu, na taa zinazimika.

Nainua kichwa, alama za vibonye ziko shavuni. Saa nane na dakika mbili. Nachomeka flashi ya dharura, nafungua faili la waliozuiwa, na mstari upo, na maelezo yangu yapo pembeni yake, kwa muda tu. Naufuta, natengeneza upya kifurushi cha kuwashia, kile kinachobeba moduli mashine inapoamka, nawasha. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja. Namwita Kokushubira amlete mzee. Saa tisa kasorobo mbavu za Mzee Rwegoshora ziko kwenye kioo, daktari ameinama anazisoma, anasema mwandaeni. Namsubiri Kokushubira avue aproni, naanza, dada, asubuhi ile. Ananigusa bega. Yameisha, kaka, anasema, ningekujibu pale pale getini, ni hizo taa tu zilivyozimika. Anatoka kwenda kumshika mzee mkono. Nasimama dirishani naangalia nje. Kituo chetu hakina geti, kina kamba tu iliyofungwa kwenye miti miwili, na leo umeme haujakatika hata mara moja.