Bunduki ya Karibu

Nguruwe mwitu hali mahindi kama ng'ombe. Ng'ombe akiingia shambani atakula, atashiba, na utamtoa kwa fimbo na matusi. Nguruwe huangusha shina, akaonja kidogo, akatema, akaenda kwa lingine, na asubuhi unakuta shamba limelala chini utadhani watu walicheza ngoma ya harusi hapo. Mwaka ule wa 1948 kulikuwa na dume moja kubwa, meno ya njano, lililotoka kwenye miti ya miwati, likavuka mto, likapita katikati ya mahindi yangu na kuingia katika mahindi ya Bwana. Kwangu lilionja tu. Kwa Bwana ndiko lilikokula.

Bwana mwenyewe alikuwa Kaburu mwenye shamba kubwa kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Soy. Tulimwita Bwana Ndevu. Baba yake alikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, akapewa ardhi ambayo Wanandi walikuwa wakilishia mifugo yao. Jirani yetu Kiprotich, aliyechunga ng'ombe wa maziwa wa Bwana, hakuwahi kusema neno juu ya hilo, lakini kila Bwana aliposema "shamba ya baba yangu" Kiprotich alishikwa na kikohozi.

Siku moja Bwana Ndevu alisimama mlangoni kwangu.

"Mama, nguruwe napita shamba ya nyinyi," alisema. "Kama hapana kufa, mimi nalima hii yote ya mto, napanda majani ya ng'ombe. Kwisha."

Akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika mwiko, kwa sababu shamba la mtoni ndilo lililomweka mama yangu pale.

Mama yangu aliitwa Nekoye, nami nilimwita Mayi kama tunavyowaita mama zetu. Baba alipokufa, na kaka yangu wa pekee akamfuata, watu wa ukoo huko Kimilili waligawana ng'ombe, na mzee mmoja akaanza kutazama paa la nyumba ya Mayi kama mtu anayepima mabati. Nilimleta kwangu. Bwana Ndevu alikubali akae kwa sharti moja, kwamba atalinda mahindi ya wafanyakazi, akipiga debe kufukuza wanyama katika kibanda kando ya mto. Shamba likilimwa, hakuna cha kulinda. Angerudi Kimilili kwa watu waliokuwa wanasubiri afe. Nilimpenda mama yangu, na wazo hilo lilininyima hata hamu ya chai.

Sasa mume wangu. Nicanor Wasike aliendesha trekta la Bwana, na kabla ya hapo alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza. Ukimwuliza bei ya chumvi atakujibu kwa habari za Burma. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwenye kichwa kigumu. Kwetu sisi Babukusu mwanamume na mama mzaa mke wake hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawashikani mikono, hawali pamoja. Nicanor alipookoka aliacha pombe, akaacha tumbako, akaacha kucheza karata. Hili hakuliacha, na mchungaji wetu naye hakumsumbua, maana hata yeye alikuwa na mama mkwe. Mayi akitokea njiani na mtungi, Nicanor huyu aliyepigana na Wajapani aliruka mtaro na kujibanza kwenye miwati mpaka apite. Kwenda kazini alizunguka kilima kizima ili asipite karibu na kibanda chake. Nilimcheka sana kwa hilo.

Bwana Ndevu hakuweza kumpiga nguruwe mwenyewe kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kanga walikuwa wakimpita juu ya kofia. Alimwita Nicanor barazani. Juu ya meza kulikuwa na bunduki tatu.

"Chagua moja," alisema. "Jumamosi asubuhi. Mimi nakaa karibu na lori, kwa sababu bunduki ni ya mimi na serikali iko na makelele mingi."

Ya kwanza ilikuwa Mauza ya milimita saba, ile baba yake aliyokuja nayo. Ya pili ilikuwa ya jeshi, thrii-o-thrii, ndugu wa ile Nicanor aliyoibeba vitani. Ya tatu ilikuwa bunduki ya marisawa yenye mitutu miwili, ambayo Bwana aliitumia kwa ndege, ingawa alikuwa pia na risasi zake nzito, zenye marisawa makubwa kama maharagwe.

Nicanor alirudi nyumbani amechangamka kama bwana harusi. Kiprotich alikuja kunywa chai, na wawili hao wakaanza.

"Ya jeshi ninaijua," Nicanor alisema. "Nikifungwa macho ninaweza kuifungua na kuifunga."

"Risasi yake ni ngumu," Kiprotich alisema. "Itaingia kwa nguruwe kama sindano na kutoka upande ile ingine. Yeye ataenda kufia kwa miwati kesho kutwa, na wewe utabaki ukisema ulipiga."

"Kwa Burma haikuwa hivyo."

"Kwa Burma ulikuwa unapiga nguruwe?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nicanor alinitazama vibaya, kisha akaiacha ya jeshi na kuhamia kwa Mauza. Alisema risasi zake zina pua laini, zikigusa nyama zinafunguka. Inapiga mbali, imenyooka. Angekaa juu ya kilima, ng'ambo ya mto, angoje nguruwe arudi miwati alfajiri, na kazi ingeisha bila mtu kuchafua viatu.

"Na ile ya marisawa?" niliuliza.

"Hiyo ni ya bata. Ukiwa mbali inamkuna tu."

"Lakini ukiwa karibu?"

"Karibu wapi, Mama Walubengo?" alisema, na kwa kuniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza nilijua hataki maswali.

Mauza ikachaguliwa. Kwa kuwa kibanda cha Mayi kilikuwa upande ambao risasi ingeelekea, nilimpeleka usiku wa Ijumaa akalale kwa Jeruto, mke wa Kiprotich. Alfajiri Nicanor alipanda kilima. Bwana Ndevu aliegesha lori barabarani na chupa yake ya kahawa.

Mtu yeyote aliyewahi kuamka mapema Uasin Gishu mwezi wa Julai angeweza kuwaambia. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa ndani ya kibuyu. Nicanor alikaa kule juu na bunduki inayoweza kumpiga swala maili moja, na hakuweza kuona mto. Alisikia tu. Alisikia mashina yakivunjika, alisikia jike na watoto waliofuatana na dume wakilia kwa furaha, na kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na mtu wa kupiga debe, walikula mpaka jua likatoka. Ukungu ulipoondoka hakukuwa na nguruwe, na robo ya shamba langu haikuwepo.

Bwana Ndevu aliitazama hasara, akavuta ndevu.

"Jumamosi moja tena," alisema. "Halafu plau."

Siku hiyo nilipika ugali kwa hasira, na ugali wa hasira huwa mgumu. Niliuweka mbele ya Nicanor, nikasimama.

"Sema ukweli, Baba Walubengo. Unataka mama yangu aende."

Aliacha kutafuna.

"Bunduki tatu," nilisema, "na wewe unachagua ile ya kupigia ukiwa mbali na yeye. Hutaki kukaa chini pale kwa kibanda. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hata wewe unajua."

"Ninajua."

"Basi?"

Alimaliza ugali, akanawa, akatoka kwenda kutazama trekta ambalo halikuwa na tatizo. Nililala nikiutazama ukuta. Niliamini kabisa kwamba nimeolewa na mtu anayehesabu siku za mama yangu kuondoka, na uchungu huo ulikuwa mkubwa kuliko mahindi yote ya Soy.

Jumatatu ni Kiprotich aliyeniletea habari, akipita na ng'ombe.

"Mzee wako ameenda kwa Bwana. Amechagua ile ya mitutu miwili."

"Atakaa wapi nayo?"

"Mahali iko moja tu. Nguruwe anapita nyuma ya kibanda ya mama. Kutoka mlango unaweza kumtemea mate."

"Basi nitamhamisha Mayi tena."

Kiprotich alitikisa kichwa. "Hapana. Nguruwe amezoea moshi ya huyu mama na kikohozi yake, hata debe ameshazoea. Mama akitoka, nguruwe atajiuliza kwa nini. Wakae wote."

Wakae wote. Alilisema kama jambo dogo, yeye Mnandi asiyejua alichokuwa akiomba. Nilikwenda kwa Mayi nikamweleza huku nikitazama chini. Aliendelea kuchambua mboga.

"Lete mkeka," alisema mwishowe. "Ule mkubwa."

Usiku wa Ijumaa tuliutundika katikati ya kibanda, kutoka darini mpaka chini. Upande wa nyuma, wenye tundu la kutazamia, ulikuwa wa Nicanor. Upande wa mlango, wenye moto na mtungi wa maji, ulikuwa wa Mayi. Mimi nilikaa pale mkeka ulipoishia, bega moja kwa mume wangu na bega moja kwa mama yangu, nikijihisi kama mpaka wa mashamba mawili. Nicanor aliingia kinyumenyume. Mayi alijifunika kichwa kwa shuka. Hakuna aliyesalimia.

Alfajiri ilianza na ukungu uleule, lakini sasa haukutusumbua. Njia ya nguruwe ilikuwa hatua chache kutoka kwenye tundu, na udongo wake ulikuwa umekanyagwa ukang'aa. Tulisikia mashina yakianza kuvunjika. Bega la Nicanor lilikakamaa. Niliuona mtutu ukisogea.

Hapo Mayi akainama juu ya mtungi wake na kuzungumza nao polepole, kama mtu anayemsimulia jirani mambo ya kawaida.

"Wewe mtungi," alisema, "kama ungekuwa na mikono ningekwambia usiharakishe. Anayekuja sasa ni jike na watoto. Masikio yangu yamewajua tangu mvua za kwanza. Dume hutoka nyuma, peke yake, kwa kiburi. Hufika kwenye ule mti uliochubuka, husimama kujikuna ubavu. Akijikuna husikii kitu kingine. Ngoja akijikuna, mtungi."

Mtutu ukatulia. Jike alipita, watoto wakimfuata kwa mstari, karibu kiasi kwamba nilinusa matope yao. Nicanor hakupumua. Kisha ukungu ukafanya umbo jeusi, pana, likatembea bila wasiwasi mpaka kwenye mti, na tukasikia gome likikwaruzwa.

"Sasa, mtungi," Mayi alisema.

Mtutu wa kwanza uliniziba masikio. Wa pili sikuusikia, niliuona moto wake tu. Dume lilikimbia hatua nne tano kuelekea kwetu, nikadhani linaingia ndani, kisha miguu ya mbele ikakunjika na likalala kifudifudi mlangoni pa mahindi yangu. Halikuinuka tena.

Bwana Ndevu alikuja kutoka kwenye lori akikwaa kwenye mitaro, kikombe bado mkononi. Alilizunguka dume, akaligusa kwa kiatu, akainama mpaka ndevu zikakaribia meno yale ya njano ili ayaone vizuri.

"Basi," alisema. "Mahindi nakaa. Mama nakaa." Akaichukua bunduki yake, akaomba mguu mmoja wa nyuma, akaenda zake.

Nililia bila aibu. Kiprotich na watu wengine walikuja na visu. Mimi nilirudi kibandani kupika uji, nikawakuta wale wawili wamekaa vilevile, migongo kwa mkeka, kila mmoja akingoja mwenziwe atoke kwanza.

"Mtungi," Mayi alisema, "kuna jambo sielewi. Mtu ana bunduki ya kupiga kutoka mbali. Kilima kipo, ukungu huisha siku nyingine. Kwa nini akubali kuja kukaa mahali pagumu namna hii?"

Nicanor alikuwa akisugua bega lake lililopigwa na kitako cha bunduki. Kisha akauelekeza uso wake kwenye ukuta wa udongo.

"Mtungi," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya hadithi za Burma, "mwambie mama hivi. Mama yangu alizikwa nikiwa vitani. Barua ilinifikia majani yameshaota juu yake. Mke wangu anadhani nachoka kuzunguka kilima kwa sababu ya mama huyu. Sichoki. Nikizunguka najua bado niko na mama wa kumheshimu. Ile bunduki ya mbali niliichukua kwa kuogopa kumkaribia, nikaona inataka kumpeleka Kimilili."

Sikuweza kukoroga uji. Niliushika mwiko tu, na moto ukaula uji upande mmoja.

Mayi alichota uji ule ulioungua, akachagua kikombe chake mwenyewe, kile cha bati alichotoka nacho Kimilili ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukigusa, akakijaza. Alinipa nikipitishe upande wa pili.

"Mwambie mwanangu," alisema, "anywe kikiwa moto."