Makopo ya Soetvlei

Kila Jumamosi, wageni wa wiki wakishaondoka na wapya hawajafika, Hendrina Fielies hubadilisha mashuka katika ghala la shamba la mizabibu la Soetvlei. Huanza juu, ambako zamani palirundikwa nyasi kavu, halafu hushuka kudeki jikoni. Akiwa hapo kengele ya zamani ya shamba hulia. Haina kamba tangu babu wa mwenye shamba wa sasa afariki, lakini hulia, na makopo yaliyotundikwa ukutani hujaa divai.

Ni makopo ya jamu yaliyotiwa mikono ya waya. Enzi za babu huyo, vibarua wa mizabibu walilipwa nusu kwa fedha na nusu kwa divai: kengele ya alfajiri, ya chai, ya mchana, ya jioni. Mtu alipanga foleni, akanywa mkupuo mmoja, akarudi shambani. Kila mmoja alikwaruza alama yake kwenye kitako cha kopo ili mwenzake asimnywee. Kopo la Apools, mumewe Hendrina, lina alama ya samaki. Serikali ilikwisha kupiga marufuku malipo hayo, na wenye makopo wote wamezikwa. Mjukuu, Bwana Stefan, alipogeuza ghala kuwa nyumba ya likizo, maana bahari iko karibu, aliyaosha makopo akayapanga ukutani yawe pambo.

Divai ni ileile: mashapo ya pipa, mazito, yenye harufu ya matapishi ya jana. Ukiimwaga kopo hujaa tena. Ikinywewa tu ndipo hukauka, mpaka kengele nyingine. Siku ya maziko Hendrina alilitia kopo la Apools ndani ya jeneza. Waombolezaji hawajamaliza kahawa, likawa limerudi msumarini.

Jumamosi hiyo walifika akina Vermaak kutoka Pretoria, mume, mke na watoto. Mume alionja kopo la kwanza kabla ya kushusha mizigo.

"Kali kama siki!" alisema. "Lakini bure, Marlize. Bure!"

"Makopo haya ni ya nani, shangazi?" mkewe akamuuliza Hendrina.

"Ya watu waliokunywa humo, madam."

"Wako wapi sasa?"

"Kule nyuma, chini ya mikaratusi."

"Jamani, pazuri!" akasema, akapiga picha.

Mtoto mmoja akaonyesha msumari wa mwisho, usio na kopo. Bwana Stefan alikuwa ameleta nyama ya kuchoma. Akacheka.

"Kweli bwana, kuna pengo. Drina, mwambie Ruben atengeneze moja."

"Bosi, afadhali tuyaondoe yote. Yananuka."

"Drina, Drina. Wageni wanayasifu. Nikiyaondoa nitawakodishia nini, ukuta?"

Ruben ni mwanawe Hendrina, mtunza bustani. Hajagusa tone tangu alipomsaidia mama yake kumwosha baba yake mara ya mwisho. Akipita mbele ya makopo hubana pumzi. Lakini nyumba wanayolala ni ya shamba, kwa hiyo aliokota kopo la pichi kwenye taka za wageni, akalisawazisha kingo, akalitia waya. Mikono yake ni mizuri kwa kazi kama hizo. Kisha akaligeuza na kuchora ndege mdogo kwenye kitako, kwa sababu Soetvlei hakuna aliyewahi kutengeneza kopo asilitie alama. Alipomaliza ndipo akaona alichofanya: sasa lilikuwa kopo lake.

"Mama," alisema, "nimelitia alama."

"Alama gani?"

"Ndege. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mjinga wewe. Mjinga kama baba yako."

Hendrina alilipondaponda kopo kwa jiwe akalitupa kwenye shimo la taka. Kengele ya alfajiri ilipolia lilikuwa kwenye msumari wa mwisho, limenyooka, limejaa hadi ukingoni.

Akina Vermaak walikuwa wamekwisha kupanga foleni wakiwa na nguo za kulalia, wakisukumana na kucheka. Mume alikausha makopo ya zamani moja baada ya jingine. La mwisho alilionja akatema kwenye sinki.

"Hili limeoza! Shangazi, hili halinyweki."

Watoto wakaigiza kutapika. Kopo likajaa tena. Ruben alikuwa amesimama mlangoni na kuni kifuani, macho kwenye kopo.

"Ni langu, mama."

"Najua. Kaa hapohapo."

"Mkono unawasha."

"Nimesema kaa hapo!"

Hendrina hakuwahi kunywa. Alichojua kuhusu divai ni kuifua kwenye mashati ya Apools na kuikwangua kwenye mablanketi yake. Akalishusha kopo. Mashapo yalimkwaruza meno, na kitu laini, kama utando wa maziwa, kikateleza kooni. Hakuacha hadi akaona bati kavu.

"Eh, shangazi naye!" Vermaak akapiga makofi. Mkewe akapiga picha.

Ruben alishusha pumzi. Mkono wake ulitulia.

"Peleka kuni," mama yake akamwambia.

Baadaye Bwana Stefan alipita kuangalia mstari wa makopo. Aliridhika nao. Kisha akamsogelea Hendrina aliyekuwa akikunja taulo, akakunja pua.

"Drina, unanuka pombe. Unajua sheria ya shamba hili. Kazini hatunywi."

"Ndiyo, bosi."

"Isirudiwe."

"Ndiyo, bosi," alisema Hendrina, akaweka taulo chini na kwenda kusimama chini ya msumari wa mwisho, kwa sababu kengele ya chai ilikuwa imeanza kulia.