Ndiyo Iliyotangulia

Saa moja asubuhi mfagizi wa bunge alikuwa akipangusa vipaza sauti, kimoja kimoja, kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukumbi mtupu. Alipofika safu ya tatu, viti vikaanza kusema ndiyo.

Hakushtuka. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya kupitisha mkopo wa wakubwa wa ng'ambo. Sauti za waheshimiwa zilitangulia, wenyewe wakafuata saa nne, kama mkia unaomtangulia ng'ombe zizini. Alizijua zote: ya mwenye kikohozi, ya yule avutaye maneno kama ndoo kisimani. Ila leo akasikia na ya mbunge wa mtaani kwake, aliyeitwa Kiraka kwa ajili ya koti lake. Hapo kitambaa kikamtoka mkononi.

Kiraka alikuwa ameahidi kusema siyo. Aliahidi juzi, mlangoni kwa mfagizi, mbele ya binti wa mfagizi mwenye mimba ya miezi minane. Tetesi zilikuwa zimezagaa kwamba wakopeshaji wanataka wodi ya wazazi ya mtaa ifungwe.

Mfagizi akamngojea kwenye korido.

"Mheshimiwa, sauti yako imeshapita."

"Imesemaje?"

"Ndiyo."

"Mama, mkataba wenyewe nimepewa sasa hivi. Shika, bado una joto la mashine!"

"Haikungoja kusoma, baba."

Kiraka akafunua. Sharti la wodi lilikuwa ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa mwisho sahihi zilikuwa zimekauka tangu mwezi uliopita.

"Basi nitapiga kelele," akasema, akijikuna koo.

Saa nne, ukumbini, Spika akatangaza: "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ukumbi ukajaa ndiyo, midomo yote imefungwa.

"Wasioafiki waseme siyo."

Kiraka akasimama, akapanua mdomo mpaka magego yakaonekana. Hakikutoka kitu, hata pumzi.

"Kaa, ndugu yangu," jirani yake akamnong'oneza, "unatuzibia feni."

"Nadhani walioafiki wameshinda," akasema Spika.

Wiki ya pili wodi ikapigwa kufuli. Binti akashikwa na uchungu mchana, wakashika njia ya hospitali ya mjini kwa miguu, mama mtu kamkumbatia kiuno. Hawakufika. Alijifungua kando ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta.

Mtoto alikuwa mzima, vidole vyote. Walipomngoja alie, akasema ndiyo.

Bibi yake akampangusa mdomo, polepole, kama apangusavyo vipaza sauti. Ndiyo ile haikufutika.