Mchunga Friji Hana Mwenyewe

Jana usiku nimeota, na kabla hujaniuliza nililala na nini tumboni, nililala na makande, kama watu wote wa nyumba ile. Wao waliota mambo ya kawaida. Kwa hiyo sababu usiitafute kwenye chungu.

Kwanza nikueleze kazi yangu, la sivyo utadhani nimepagawa. Naitwa Nakijwa. Pale ofisini kwetu Moshi natunza programu ambazo hazikai kwetu. Zinakaa kwenye kompyuta za watu wengine, nchi za mbali huko, na wakubwa wamekubaliana kusema zipo mawinguni ili zionekane zina baraka. Kila programu ina ufunguo wake, yaani neno refu la siri linalothibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Ufunguo una siku yake ya kufa. Kabla haujafa, mwenyewe wa programu anatakiwa aombe mwingine, asipoomba programu inafungiwa nje kama mlevi aliyechelewa kurudi.

Programu moja tunaiita Mchunga Friji. Inapima joto la friji za chanjo kwenye zahanati za milimani, na friji ikipata joto, inamtumia mwenyewe ujumbe ili naye ampigie nesi. Mwenyewe ni Mkiramweni. Kasoro ndogo tu ni kwamba Mkiramweni aliacha kazi zamani. Tulimuaga vizuri jamani, tukamkatia ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma mwenye majani mdomoni, tukampa saa ya ukutani na mkewe tukamvika vitenge. Funguo hatukumwomba. Kwetu, kumdai funguo mtu anayeaga ni kumwita mwizi mbele ya ndafu, na sisi ni watu wastaarabu.

Juzi mfumo ukaonya kwamba ufunguo wa Mchunga Friji unakaribia kufa. Nikalipeleka kwenye kikao. Mkurugenzi wetu, Mzee Kisamo, akaniuliza, "Inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee. Kwa sasa."

"Basi usimwamshe aliyelala."

Wote wakatikisa vichwa kwa busara ile, tukaenda kunywa chai. Mimi yangu niliiacha ikapoa. Friji mojawapo ipo zahanati ya Kwambora, juu kabisa, na nesi wa pale ni mama yangu mdogo, Eliwaza. Leo ndiyo siku yake ya kliniki. Akina mama wanatoka mbali na watoto mgongoni, chanjo ikiharibika wanarudi kama walivyokuja, na surua imeshaingia kijiji cha pili. Nikalala na hofu hiyo.

Basi. Niko ofisini, mchana kweupe. Mchunga Friji anaingia bila kubisha hodi, anapita ukutani. Ni mrefu, mweupe, na anatoa ubaridi kama bucha la mjini. Shingoni amevaa kitambulisho chenye picha ya Mkiramweni akicheka. Mkononi ana begi kubwa.

"Shikamoo, dada Nakijwa."

"Marahaba. Safari ya wapi?"

"Naaga. Ufunguo wangu unakufa leo. Nimekuja kuulizia ndafu."

"Ndafu gani?"

"Mkiramweni alikatiwa. Mimi nimefanya kazi kuliko yeye, na sijawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani."

Ni kweli. Nikamwambia akae, akakaa juu ya printa. Akafungua begi, na ndani mlikuwa na funguo tupu. Ufunguo wa mishahara, wa geti, wa barua pepe za kila mtu, wa stoo, hata wa ile droo ya Mzee Kisamo yenye biskuti.

"Hizi zote za nini? Wewe si unapima joto tu?"

"Ndiyo. Siku niliyozaliwa, iliulizwa nipewe ruhusa zipi. Orodha ilikuwa ndefu na Mkiramweni alikuwa anawahi harusi. Akaona asijisumbue. Akanipa zote."

"Umewahi kuzitumia?"

"Nina adabu, dada. Mara moja tu niliingia kwa mkurugenzi kufunga dirisha, mvua ilikuwa inalowesha kiti."

Dirisha hilo nalikumbuka. Mzee Kisamo alimshukuru Mungu kikao kizima.

"Twende tukakuombee ufunguo mpya," nikasema.

Tukashika ngazi ya kwenda kwenye tangi la maji juu ya paa. Tangi halikufika. Ngazi iliendelea tu, na tulipochoka tukajikuta tuko mawinguni, na mawingu yenyewe ni ofisi. Kuna mabenchi. Kuna tangazo lisemalo USIEGEMEE KAUNTA, na kaunta hakuna. Viti vyote vimelowa, na watu wamekaa hivyo hivyo kwa sababu wamefika mapema. Mbele kabisa amekaa Mlango, amevaa miwani juu ya kitasa, anakunywa chai ya rangi.

"Mwenyewe wa huyu ni nani?" anauliza Mlango.

"Mkiramweni. Lakini hayupo."

"Yupo. Yule pale."

Nageuka. Kwenye benchi limekaa jina la Mkiramweni. Mtu hayupo, ni jina tu, herufi nene nyeusi ndani ya suti, limekunja nne na linasoma gazeti.

"Habari za siku nyingi?" nalisalimia, maana adabu ni adabu.

"Nzuri," linasema Jina. "Mtu wangu alipoondoka hakunichukua, na ninyi hamkunifuta. Kwa hiyo nipo. Naingia popote ninapotaka. Na onyo lolote la friji naletewa mimi."

"Unalifanyia nini?"

"Nalipokea."

"Halafu?"

"Halafu napokea linalofuata."

Hapo damu ilinichemka. Kumbe siku zote hizo, friji ikipata joto kule Kwambora, habari inakuja kukaa kwenye benchi hili na kusoma gazeti! Nilitaka kulinasa Jina kibao, ila sikuona shavu lake liko kwenye herufi ipi.

"Tulia, binti," anasema Mlango. "Taratibu ni nyepesi. Nahitaji mwenyewe aliye hai, na idhini ya mkubwa wenu."

Mkubwa wetu alikuwa ameshafika. Mzee Kisamo amesimama upande wa pili, mbele ya kijilango kidogo cha mbao, mikono nyuma, anakohoa. Hapa nieleze. Ofisini kwetu Mzee Kisamo amepewa ruhusa ya kuingia kila mahali, hata kwenye mitambo asiyoweza kuitamka, kwa sababu nani atamnyima mzee mlango? Sasa kijilango kile hakikufungwa. Kilikuwa kimerudishiwa tu.

"Shikamoo, mzee. Sukuma, kiko wazi."

"Marahaba. Sisukumi. Nafunguliwa."

"Basi tusaidie ukiwa hapo hapo. Nani awe mwenyewe wa Mchunga Friji?"

Mzee Kisamo akatabasamu lile tabasamu la siku ya wageni. "Ni wetu sote. Sisi tunafanya kazi kama familia."

"Familia haina namba ya simu," anasema Mlango.

"Basi iundwe kamati."

Kabla kamati haijapata mwenyekiti, Mchunga Friji anashika koo. Ufunguo umeanza kufa. Anajaribu kusema kitu, maneno yanatoka nusu nusu, halafu robo, halafu ubaridi mtupu. Na wingu likapasuka miguuni pangu.

Chini kule naiona Kwambora. Naiona zahanati, bati lake jekundu, na ndani naiona friji, taa yake imezimika. Mama mdogo yuko barazani anapanga mabenchi ya wagonjwa na kuimba, wala hana habari. Bondeni akina mama wanapanda, vitoto vimelala mgongoni, vichwa vinacheza huku na huku. Mchunga Friji anafungua kinywa kuelekea kule chini, na hakuna kitu. Nikapiga kelele, "Mama mdogo!" Sauti yangu ikagonga wingu ikanirudia.

"Mimi!" nikasema. "Mwenyewe ni mimi. Niandike."

Mlango akavua miwani. "Unajua maana yake?"

"Sijui. Niandike."

"Sikiliza kwanza. Likiharibika, utaulizwa wewe. Wenzako wamelala, utaamshwa wewe. Na siku ukiaga, unarudisha kwanza, ndafu baadaye."

"Sawa."

"Una swali?"

"Watoto wakipona, atasifiwa nani?"

"Kamati."

Iliniuma, siwezi kukudanganya. Lakini nikasema sawa.

Mzee Kisamo alikuwa radhi kutoa idhini, ila kwa heshima ya cheo chake angeitoa akishaingia. Nikaenda nikakisukuma kile kijilango kwa bega. Akaingia, akakishukuru kijilango, mimi hakuniona, akasaini.

Sasa likaja begi. Mlango akalimwaga lote sakafuni. "Mpima joto anahitaji nini?"

"Kusoma joto," nikasema. "Na kusema."

"Basi."

Nyingine zote akazisukumia kwenye ule upenyo, zikanyesha milimani, na mahali fulani nikasikia mbwa wakibweka. Mchunga Friji akanyoosha mgongo, mfupa kwa mfupa. Sauti hana, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia.

Kisha Mlango akachukua kitambaa kibichi akaanza kulifuta Jina. Nilidhani litagoma. Likakunja gazeti, likasimama, likasema, "Mimi nilikuwa nasubiri tu mtu aniambie kwaheri." Nikaliambia kwaheri. Likafutika kuanzia mwishoni, taratibu, na nikaona huruma ambayo sikuitegemea.

"Haya," akasema Mlango. "Siri naionyesha mara moja. Ukipitwa, hata mimi siijui tena, tunaanza upya."

Mzee Kisamo alikuwa ameshatoa simu. "Ipige picha, binti, itume kwenye grupu letu. Yeyote akiihitaji aikute."

"Samahani, mzee," nikasema, nikaifunika simu yake kwa kiganja. Kitu hicho sijawahi kukifanya nikiwa macho, na utamu wake sitausahau.

Mlango akajifungua kidogo tu. Siri ikatoka, uzi mrefu wa herufi na tarakimu na vialama, ya moto kama chapati inayotoka kikaangoni. Sikuisoma. Niliipokea kwa mikono miwili nikamgeukia Mchunga Friji, nikamlisha kama mtoto anavyolishwa uji, tonge dogo, ngoja ameze, tonge jingine. Upande wa chini akina mama wameshafika kwenye kona ya mwisho. "Meza, baba," nikawa nambembeleza, "meza, usiteme hata nukta." Akameza kialama cha mwisho. Akakohoa. Akafungua kinywa.

Nikaamka. Simu inatetemeka juu ya stuli na kunapambazuka.

Ulikuwa ujumbe. *Friji ya Kwambora imefika nyuzi kumi na mbili. Mwenyewe, mpigie nesi.*

Nikausoma tena. Namba yangu haimo kwenye ule mfumo. Haijawahi kuwamo, na kabla sijalala nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba hamna pa kuiingiza, maana pasipo Mkiramweni hapafunguki. Nikapiga.

"Shikamoo, mama mdogo. Kaangalie friji."

"Marahaba. Hata hujambo huniulizi?"

"Friji, mama!"

Nikasikia ndala zake zikikimbia, kisha kitasa. Halafu, "Yesu wangu! Waya umechomolewa. Mtu kachomeka pasi anyooshe sare, kaondoka zake!"

"Chanjo je?"

"Ngoja kwanza."

Kila kichupa kina kialama kinachogeuka rangi kikipigwa na joto. Alikuwa anavitazama kimoja kimoja, namsikia anavyopumua. Nilisali sala zote ninazozijua na moja niliyoitunga pale pale.

"Havijageuka," akasema. "Hata kimoja. Ungechelewa kidogo tu, mwanangu, ningewaambia nini hawa wazazi? Lakini umejuaje? Mashine yenu hii tangu mtuletee haijawahi kusema lolote."

"Leo imesema," nikamjibu.

"Haya, iambie ahsante. Subiri, kuna mama ameshafika, huyu ametoka mbali, acha nimhudumie."

Hakukata simu. Aliiweka mezani, nikasikia benchi likivutwa, mama akicheka kwa woga, na mama mdogo akisema, "Mshike mguu huo, usimwonee huruma." Kikafuata kilio. Kilikuwa kikali, cha mtoto mwenye afya aliyeonewa bila kosa, na nyuma yake mtoto mwingine akadakia. Nilikaa kitandani nikiwasikiliza, machozi yananitoka, mpaka salio likaisha.