Ng'ombe Aitwaye Yudon

Mwezi wa kumi na moja, watalii wenye akili wakiwa wamekwisha teremka nyanda za chini kuota jua, sisi Watibeti wakimbizi wa Dharamshala tuliletewa tamasha. Tamasha la Sinema na Utamaduni wa Tibet, ukumbi wa shule, na bango kubwa lenye picha ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, anayetazama mbali kama mume aliyeachika. Kwa siku tatu tulitakiwa kuujua utamaduni wetu. Siku nyingine zote tunauza sweta.

Mume wangu Wangdu alikuwa Ludhiana akinunua hizo sweta, kwa hiyo mama yake aliachiwa mimi, nami nikaachiwa yeye. Sijui aliyeonewa zaidi ni nani. Mama mkwe wangu ana ulimi wa upanga na magoti ya mti mkavu, na mtaani kote anaitwa Ama-la, yaani mama, kama wanavyoitwa wazee wote. Jina lake halisi, Yudon, nalijua mimi kwa sababu ndimi ninayempeleka hospitali, na huko huita majina. Mtu mzima kuitwa kwa jina lake tu, kwetu, ni utovu wa adabu. Waliokuwa na haki hiyo walikwisha kufa, ila mmoja.

Huyo mmoja ni Chozom, dada yake mkubwa, aliyebaki Tibet. Kisa chao nimekisikia hadi naweza kukisimulia usingizini. Asubuhi ya kuikimbia Tibet, mama yao alikuwa mgonjwa, na mmoja ilibidi abaki naye. Akabaki Chozom. Alinuna, akaenda kukamua ng'ombe, na mdogo wake alipokwenda kuaga akapewa mgongo.

"Nilimwita," mama mkwe husema. "Chozom! Chozom! Hakuitika. Akaendelea kukamua. Basi mimi nikimkumbuka dada yangu nakumbuka mgongo. Uso wake wa utu uzima siujui."

Na sasa macho yenyewe yalikuwa yanafifia. Presha ya macho, alisema daktari, na nuru iliyopotea hairudi. Alitabiri kwamba kabla ya mwaka mpya wetu angebaki na mwanga na giza tu. Daktari alisema hayo huku akitabasamu, nadhani walifundishwa.

Hapo ndipo alipotokea Lhawang. Kijana huyu alizaliwa hapa hapa, juu ya duka la mikate la baba yake, akaenda kusomea sinema Ulaya, akarudi na skafu shingoni na pasipoti ya kigeni. Kwa pasipoti hiyo aliingia Tibet hadi bonde la Tsaruk, kwao mama mkwe, akakaa kiangazi kizima akiipiga picha milima ambayo haikuwa na haraka ya kwenda popote. Wiki moja kabla ya tamasha alikuja kwetu kunywa chai ya siagi.

"Ama-la," alisema, "yule dada yako Chozom, wa nyumba iliyo juu ya daraja, nimemwona. Yumo kwenye filamu."

Mama mkwe aliweka kikombe chini polepole. "Yu hai?"

"Yu hai, na ana maneno kuliko redio."

"Nionyeshe."

"Ah, Ama-la, haiwezekani. Tamasha wanataka onyesho la kwanza duniani. Ukiiona hapa jikoni, haitakuwa ya kwanza tena."

"Kwani jikoni kwangu si duniani?"

Lhawang alicheka, akasema watu wazima wana ucheshi mzuri sana, akaandika jambo kwenye simu yake. Baada ya onyesho, alieleza, filamu ingeondoka naye jioni ile ile kuzunguka Ulaya miaka miwili. Akirudi angetuletea nakala, na yeye mwenyewe angekaa nasi tuitazame pamoja. Mama mkwe alimshukuru. Miaka miwili! Nilitamani kumwaga ile chai kwenye skafu.

Siku yenyewe alivaa vazi lake la harusi, akaniamuru nimfunge aproni ya mistari kwa nguvu. "Chozom asije akadhani nimechakaa," alisema. Nilimkumbusha kwamba Chozom yumo kwenye filamu, hatamwona. Akaniambia nimesoma mpaka nimekuwa mjinga.

Mlangoni alisimama Madamu Norkyi, mkuu wa tamasha, Mtibeti mwenzetu aliyezaliwa Zurich, huko Ulaya. Alikuwa amevaa kitambaa cha bei kiasi kwamba hata kukaa alikuwa anaogopa. Alipomwona mama mkwe alimshika mikono miwili.

"Ama-la! Karibu! Njoo ukae mbele kabisa, kuna kiti."

"Hapana, hapana, mimi nani nikae mbele," alisema mama mkwe, akirudi nyuma kwa heshima.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa na Watibeti anajua kwamba hapo mchezo ndio unaanza. Unaalikwa, unakataa. Unaalikwa tena, unakataa kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu unavutwa mkono, unakwenda ukilalamika, na moyoni umekwisha kalia kiti tangu mwanzo. Lakini Zurich hapana ni hapana. "Sawa, Ama-la, vyovyote unavyopenda," alisema Norkyi, na kiti akapewa profesa mmoja Mjerumani aliyevaa kofia ya manyoya ya wafugaji wetu.

"Mtoto huyu amelelewa na nani?" mama mkwe aliniuliza tukipelekwa safu za nyuma. "Nimekataa mara moja tu!"

Yakafuata mambo. Mgeni rasmi alivishwa skafu nyeupe ya heshima. Naibu wake akavishwa. Profesa akavishwa, na Norkyi, na fundi wa umeme kwa kuwa alipita karibu. Waliovishwa nao wakaona si adabu kukaa na skafu peke yao, wakawavisha waliowavisha. Hotuba zilikuwa nne, zote zikisema kwamba utamaduni wetu uko hatarini. Kwa mwendo ule, niliamini ungekufa kabla hatujamaliza hotuba. Mama mkwe alikuwa ameziba jicho la kushoto kwa kiganja, analipumzisha. Hilo ndilo lililo zima kidogo.

Hatimaye taa zilizimwa. Yaki. Yaki yule yule. Mlima. Upepo. Mlango ambao haukufunguliwa. Wageni walikuwa wanahema kwa furaha. Mzee aliyekaa kushoto kwangu, mchungaji wa mifugo wa zamani, aliniuliza kwa sauti ya chini kama huyo yaki ni mgonjwa, maana hata hacheui.

"Yuko wapi?" mama mkwe alinong'ona.

"Bado, Ama-la."

"Nifinye akija."

Kisha ukatokea ua wa nyumba ya mawe, na watu wa bonde wamekusanyika. Mama mkwe alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Nyumba yetu," alisema. Katikati ya ua akaja mzee amebeba kwa mikono miwili picha ya Lama wa Tsaruk, yule marehemu aliyekuwa mwalimu wa dini wa bonde zima na nusu ya mji wetu. Picha ikajaza skrini.

Naam. Ukumbi mzima tuliinama. Kofia zilivuliwa, viganja vikakutana, vichwa vikaenda chini kama mtama uliopigwa na mvua. Hakuna aliyefikiri. Wala hilo si jambo la kufikiri. Ukiuona uso wa mwalimu wako unainama, ndivyo ulivyofundishwa ukiwa mgongoni kwa mama. Wageni nao waliinama kutushinda sisi. Profesa karibu aguse sakafu. Huko juu ya vichwa vyetu fidla kubwa ya Kizungu ilianza kulia, ule mlio wa kuwajulisha watu kwamba sasa wahuzunike. Mimi niliinama. Mama mkwe aliinama kuliko wote, akisali sala ndefu ya marehemu, hakuruka hata neno.

Tulipoinua vichwa, picha ilikuwa imekwisha pita. Kwenye skrini kulikuwa na bibi mmoja mfupi anaondoka kuelekea zizini, kashika ndoo.

"Ni yeye," alisema mama mkwe. "Mgongo ule ule."

Na yaki akarudi.

Nilitazama mbele. Mama mkwe alikaa wima, mikono mapajani, aproni yake ya harusi imenyooka, na hakulia. Laiti angelia ningejua la kufanya. Filamu ilikwisha baada ya mlima mwingine na watu wakapiga makofi wakisimama.

Yakaja maswali. Lhawang alikaa kwenye kiti kirefu jukwaani, Norkyi akitafsiri huku na huku. Mama mmoja wa Kidenmaki alisimama akiwa na machozi. Alitaka kujua kuhusu ile fidla kwenye ua wa mawe. Kwa nini filamu nzima imekaa kimya, halafu muziki pale tu? Je, ni sauti ya historia?

Lhawang aliunganisha vidole. "Swali zuri sana," alisema. "Kweli ni jambo la kiufundi. Picha ya Lama ilipopita, wote waliinama isipokuwa kikongwe mmoja. Aliikodolea kamera yangu, akaanza kuita ng'ombe wake. Aliniharibia ukimya wote. Yudon! Yudon! Basi nikaondoa sauti, nikaweka muziki. Uso wake ulikuwa mzuri, niliuhitaji."

Watu walicheka, kicheko cha upole cha watu wanaowapenda vikongwe na ng'ombe wao. Norkyi akatafsiri, wakacheka na wageni.

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amekwisha simama.

"We Lhawang," alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Ng'ombe gani?"

"Ama-la?"

"Nakuuliza ng'ombe gani? Bonde zima la Tsaruk ng'ombe huitwa kwa rangi zao. Mweusi. Baka. Pembe Moja. Umeona wapi ng'ombe akaitwa Yudon?"

Lhawang alimtazama Norkyi, Norkyi akatazama saa. "Ama-la, tuna mjadala mwingine unaoanza sasa hivi, kuhusu ukimya katika—"

"Yudon ni yeye!" nilisikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo nilikuwa mimi. "Ndilo jina lake! Mjinga wee, umekunywa chai yake tangu utoto, hujui hata anaitwa nani!"

Na yeye angejuaje, maskini? Mtaani hakuna aliyelijua ila mimi. Adabu yetu ilikuwa imelifukia jina lile vizuri, tukasahau hata pale tulipolifukia. Lhawang alishuka kwenye kile kiti kirefu, uso umemwiva, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Ulaya alionekana mtoto wa muuza mikate.

"Ama-la," alisema, "sauti yake sina hapa. Nina picha tu."

"Sauti yake naijua. Rudisha picha. Na hiyo fidla yako uizime."

Norkyi alifungua mdomo kuhusu ratiba, na mzee mchungaji akamwambia, "Kaa chini, binti." Akakaa, na hakukataa hata mara moja.

Nilimshika mama mkwe mkono tukapita katikati ya viti hadi mbele. Profesa alinyanyuka kumpa kiti. Sasa angekataa, nilidhani, tuanze upya. Hakukataa, wala hakukaa. Alikwenda kusimama karibu na skrini kabisa, pale ambapo hata jicho bovu lingeona. Taa zikazimwa. Ua wa mawe ukarudi, safari hii kimya, unasikia tu mashine ikivuma.

Mzee akaja na picha ya Lama. Nyuma yangu nilisikia mavazi yakichakacha, watu wote wakiinama tena, kama kawaida. Nilijua bila kugeuka. Shingo yangu nayo ilitaka kwenda. Niliizuia, Lama anisamehe, maana mtu mmoja tu kusimama peke yake mbele ya watu niliona ni uonevu.

Mama mkwe hakuinama. Viganja alivikutanisha kifuani, lakini uso aliuinua juu.

Picha ilipita. Nyuma yake, kati ya migongo iliyopinda ya bonde zima, alikuwa amesimama bibi mfupi mwenye ndoo, uso umekunjamana kama tufaha la mwaka jana, kidevu kile kile cha mama mkwe, ukaidi ule ule. Alikuwa anatutazama moja kwa moja. Hakuitazama picha. Alijua ile kamera inakwenda wapi, na pengine yeye ndiye aliyekuwa peke yake aliyejua. Akafungua mdomo. Ukaonekana ulimi ukigusa, midomo ikifunga, ikifunguka. Akasubiri. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo imemtoka, bila sauti yoyote.

"Abee!" aliitika mama mkwe. "Abee, dada! Nipo!"

Vichwa vyote vikainuka, na Chozom akageuka, akaenda kukamua.